Programu Iliyoruka Jina Langu

Kwa aliyekosa wiki iliyopita: mimi ni Jhumur, mwanafunzi wa mwaka wa nne, masomo ya kompyuta, katika chuo kimoja hapa Bogura ambacho sitakitaja. Nilisimulia nilivyoingia masomo haya kichwa kichwa, baba akiamini kwamba anayesomea kompyuta anafundishwa kupiga chapa haraka. Nikasimulia nilivyokula sapu mbili, mitihani ya kurudia, mwaka wa kwanza, na jinsi Bithika Barman, msichana wa Kurigram niliyepangiwa naye chumba hosteli, alivyonitoa matopeni, akinichorea hesabu za mantiki juu ya meza kwa kidole chenye maji. Nikaachia pale Mwalimu Mosaddek aliponiita ofisini huku anatabasamu.

Miaka minne sikuwahi kumwona mtu yule akitabasamu. Ningekuwa na akili ningegeuzia mlangoni.

Alikuwa ameusoma mradi wangu wa mwaka wa mwisho. Ulikuwa programu ya kunasa wanaodesa. Watu wa nje hawajui, lakini sisi wa kompyuta tunadesa kuliko hata wanasheria. Mmoja anakesha anaandika programu, wanane wanaichukua, wanabadilisha majina humo ndani, wanakusanya. Mwalimu ana wanafunzi mia na ishirini. Atazisoma zote kwa macho gani?

Yangu haikutazama majina. Iliivua programu nyama yote, ikabakiza mifupa: hapa panarudiwa, hapa panachaguliwa njia, hapa panaitwa kazi nyingine. Kisha ikalinganisha mifupa kwa mifupa. Unaweza kubadilisha nguo za mtu, huwezi kumbadilishia mbavu.

Mwalimu Mosaddek aliniambia makampuni ya Dhaka yamelalamika. Wahitimu wetu wana alama nzuri, lakini wakikalishwa mbele ya kompyuta hawawezi kuandika hata programu ya kupanga majina kwa herufi. Mkuu wa idara amekasirika. Anataka kazi zote za wanaohitimu mwaka huu zichekechwe, kuanzia mwaka wa kwanza mpaka leo, na zote zipo kwenye mashine ya idara.

"Programu yako ndiyo itakayofanya hiyo kazi, binti," alisema. "Nataka majibu Jumapili."

Nilitoka nikiwa na kiburi cha kutosha kijiji kizima. Nilipita kwenye ngazi nikimtafuta Bithika nimwambie. Nikamwambia. Alinikumbatia, akaninunulia sambusa mbili pale kwa mzee wa chai, akasema sasa hata baba yako ataelewa unasomea nini.

Mchana uleule nikaingia maabara, nikaiwasha.

Kazi za mwaka wa kwanza hazikunishtua. Programu za wanaoanza zote zinafanana, kama mistari ya kwanza ya watoto wa chekechea. Mifumo endeshi ya mwaka wa tatu, watu wanne. Hifadhidata, watu sita. Mitandao, wawili. Nilikuwa nacheka peke yangu kila jina likitokea.

Kisha ikafika miundo ya data, mwaka wa pili.

Barman, Bithika. Zerin, Israt. Asilimia tisini na sita.

Israt Zerin ni mimi. Jhumur ni jina la nyumbani.

Nina jambo sikulisema wiki iliyopita, na nalisema leo kwa sababu bila hilo mengine hayaeleweki. Katika somo lile tunafundishwa kupanga vitu ndani ya kompyuta ili kuvitafuta kusiwe adhabu. Kazi kubwa ya muhula ilikuwa kuandika mti, yaani mpango ambao kila kitu kinaning'inia kulia au kushoto ya kingine, nao mti ukiinama upande mmoja unajisawazisha wenyewe. Wiki ile mama yangu alilazwa Naogaon. Nilienda, nikarudi siku ya kukusanya sina hata mstari mmoja. Bithika akanipa wake. "Chukua," alisema, "badilisha majina. Utaujifunza baadaye."

Nikabadilisha majina. Baadaye nikajifunza kweli, maana yeye mwenyewe alinikalisha akanifundisha. Lakini mti uliokusanywa kwa jina langu ulikuwa wake.

Nilikaa mbele ya ile namba, tisini na sita, mpaka msimamizi wa maabara akaniuliza kama naumwa.

Kilichonijia hakikuwa kitu kikubwa. Kilikuwa mstari mmoja. Ukikutana na namba hii ya usajili, ruka. Namba ilikuwa yangu. Nilijiambia kwamba nikijitoa mimi, na Bithika ametoka. Mtu hawezi kufanana na mtu asiyekuwepo. Nilijiambia nawaokoa wawili.

Nikaiwasha tena. Jina langu halikuwepo popote, kwenye somo lolote.

Bithika alikuwepo.

Barman, Bithika. Haque, Tanzil. Asilimia tisini na moja.

Hapo ndipo nikakumbuka. Asubuhi ile ya miaka miwili iliyopita, Tanzil aliyekuwa anakaa nyuma yangu darasani alinitumia ujumbe akaniomba nimsaidie, naye pia hana kitu. Nikampa nilichokuwa nacho mkononi. Sikumwuliza Bithika. Nililiona dogo, nikalisahau.

Tanzil alikusanya saa nne asubuhi. Bithika, aliyekuwa akinihangaikia mimi, alikusanya saa kumi jioni. Kwenye karatasi ikasomeka hivi: Tanzil aliandika, Bithika akaiba.

Ningeweza kuufuta ule mstari palepale. Majina matatu yangetokea, na mtu yeyote mwenye akili angetuita wote watatu akauliza nani alimpa nani. Niliuweka mshale juu yake. Nilihesabu kwamba zimebaki wiki tatu tu kufika siku ya kutetea mradi. Nikahesabu kwamba baba, ambaye ni mwalimu, ameshamwambia kila mwenzake shuleni kwake kuhusu programu yangu. Nikahesabu kila kitu isipokuwa yeye.

Jumapili nikapeleka majibu.

Waliitwa watu kumi na wanane. Wengi walikiri wakakatwa alama, yakaisha. Tanzil aliapa aliandika mwenyewe, na saa zilikuwa upande wake. Bithika aliambiwa akiri, akakataa. Kwa hiyo akapelekwa kwenye kamati ya nidhamu.

Siku mbili kabla ya kamati tulilala chumba kimoja kama kawaida. Kuhusu kesi hakuniuliza. Alikuwa akijisomea somo la maadili ya kazi, mtihani ulikuwa wiki inayofuata. Aliniuliza kama nina noti za mada ya tatu. Nikampa.

Kamati ilikaa ukumbi mdogo wa ghorofa ya pili, watu watano, Mwalimu Mosaddek katikati. Na mimi niliitwa, nikakalishwa pembeni, kama fundi anayekaa karibu na mtambo wake usije ukazima.

Wakamwuliza Bithika ana la kusema.

"Mti ule niliuandika mimi," alisema. "Nipeni karatasi niuandike tena hapa."

Mmoja wao alicheka kidogo. Akamwambia miaka miwili inatosha mtu kukariri chochote. Akamwuliza imekuwaje basi wa mwenzake utangulie wake kwa muda wa saa sita.

Bithika hakumtazama. Alinitazama mimi.

"Mwulizeni aliyetengeneza programu," alisema. "Mwulizeni kama imesoma kazi zote."

Nilidhani anatapatapa. Naapa nilidhani hivyo.

Mwalimu Mosaddek akanigeukia. "Israt, programu yako imesoma kazi za wanafunzi wote?"

Pangaboi lilikuwa linazunguka juu yetu. Nilisikia kila mzunguko.

"Imesoma zote, Mwalimu."

Bithika akainamisha kichwa, akatia kofia kwenye kalamu yake.

Wakamsimamisha miaka miwili. Somo la miundo ya data likafutwa, na kila somo lililosimama juu yake: uchambuzi wa njia za kompyuta, vitafsiri, akili bandia. Kampuni ya Dhaka iliyomwahidi kazi ikaandikiwa barua siku hiyohiyo.

Alifungasha mchana. Vitabu alivipanga kwa ukubwa. Aliniomba kitu kimoja tu, nimsaidie kushusha sanduku hadi kwenye riksho, kwa kuwa lilikuwa zito na ngazi zetu ni nyembamba. Nikashika upande mmoja, yeye upande wa pili, tukateremka ghorofa tatu. Chini akapanda, akaweka miguu juu ya sanduku.

"Asante, Jhumur," alisema.

Siku nne baadaye Tanzil alinikuta nje ya maktaba. Hakuwa na uso wa mshindi. Alikuwa amekonda. Aliniambia anajua nilichofanya, maana anajua mti aliupata kwa nani, na jina langu hakuliona kwenye orodha.

"Mimi sitasema, na wewe hutasema," alisema. "Tuko sawa, si ndiyo?"

Sikumjibu. Akalichukua hilo kuwa jibu.

Siku ya kutetea mradi nilivaa sari ya mama. Asubuhi na mapema nilikuwa nimeufuta ule mstari, nikasoma programu yote mara tatu, nikaiona safi kama sahani iliyooshwa. Mtahini wa nje alitoka Dhaka: Profesa Dilruba, mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba, aliyekunywa chai yote kabla hatujaanza. Aliniuliza maswali ishirini. Mifupa inalinganishwa vipi, kazi inachukua muda gani kazi zikiongezeka maradufu, je, watu wawili wasiofahamiana hawawezi kufanana kwa bahati. Nilijibu yote. Bithika alinifundisha vizuri.

Nilishaanza kukusanya karatasi aliposema, "Nionyeshe historia yake."

Wanaosomea uhandisi wa programu wanajua. Tunafundishwa kuweka kazi yetu kwenye ghala linalokumbuka kila badiliko: nani amegusa, lini, ameongeza nini, ametoa nini. Ukifuta leo, ghala linaandika kwamba leo umefuta, na ulichokifuta linakiweka. Nilijua hilo kama ninavyolijua jina langu. Nilipata alama ya juu kabisa katika somo lile. Na asubuhi ile sikulikumbuka.

Laptopu ilikuwa imeunganishwa na projekta. Nikasema nadhani mtandao una shida. Mwalimu Mosaddek, akitaka kunisaidia, akanyoosha mkono akaifungua historia mwenyewe.

Ukutani ukatokea mstari wangu, umepakwa rangi nyekundu, na tarehe. Ukiikuta namba hii, ruka.

Lakini si huo ulionitoa jasho. Chini yake palikuwa na badiliko jingine ambalo sikulifanya mimi. Mwaka wa tatu tuliandika mradi wa mifumo endeshi mimi na Bithika katika ghala moja, na mradi huu niliuweka humohumo bila kumtoa. Funguo alikuwa nazo siku zote. Aliingia siku mbili kabla ya kamati. Hakufuta kitu. Aliacha maelezo tu kwenye historia, si ndani ya programu niliyoisoma mara tatu; kompyuta haiyasomi, yanasomwa na watu.

Jhumur, nimeuona mstari huu. Mimi sitamwambia mtu. Useme wewe.

Alijua. Alipokuwa ananiomba noti za maadili, alishajua. Aliposema mwulizeni aliyetengeneza programu, hakuwa akitapatapa. Alikuwa ananifungulia mlango nitoke, na mimi nikaufunga kwa maneno matatu.

Mwalimu Mosaddek akaishusha laptopu kifuniko, taratibu, projekta ikabaki na mwanga mtupu. Akasema ni mabaki ya majaribio ya mwanafunzi, hayahusiani na mradi, na muda umekwisha, wapo wengine nje wanasubiri. Profesa Dilruba alikuwa akifuta miwani. Aliandika kitu kifupi kwenye karatasi yake akaikunja.

Nilifaulu. Nilipewa alama ya kwanza darasani.

Jioni, kabla ofisi hazijafungwa, Mwalimu Mosaddek aliniita. Safari hii hakutabasamu. Nikaanza kulia, nikamwambia nipo tayari kwenda kwa mkuu wa chuo sasa hivi, nikafichue kila kitu. Aliniacha nimalize. Kisha akaniambia kesi imefungwa. Hukumu ameisaini yeye. Gazeti limeandika kuhusu programu yetu, na vyuo viwili vimeiomba. Nikienda kusema, si mimi tu nitakayeanguka.

"Ulikuwa na mahali pa kusema," alisema. "Nilikuuliza mbele ya watu watano. Ulinijibu nini?"

Nikafuta uso kwa pindo la sari ya mama.

"Basi nenda nyumbani. Umehitimu."

Sikwenda nyumbani. Kesho yake nilipanda basi la Kurigram.

Nyumba yao iko nyuma ya soko la majani ya tumbaku, bati na mianzi, cherehani ya baba yake barazani. Mzee Barman alikuwa anashona sare za shule. Aliniamkia kabla sijamwamkia, akamwita mkewe kwamba Jhumur amekuja, yule Jhumur. Mama akanishika mashavu. Akaniletea bisi za mchele na chai, akaniambia nimekonda, akaniuliza mgomo utaisha lini.

Nikamwuliza mgomo gani, mama.

"Si huo wa chuoni," alisema. "Bithika katuambia wamefunga mpaka hali itulie. Mwaka wenu una mkosi, mwanangu. Mngekuwa mmeshamaliza."

Bithika alikuwa amesimama mlangoni. Aliniangalia kwa namna ambayo nilimeza maneno yote niliyotoka nayo Bogura.

Tukakaa chumba cha ndani, baina yetu meza ndogo. Sikuzunguka. Nilimwambia nimeona alichoandika. Nikamwambia nimekuja kumchukua, tutarudi wote kwa mkuu wa chuo, nitasema kila kitu, mti, mstari, Tanzil, kila kitu. Cheti wakichukue. Nilikuwa nimeyapanga kwenye basi, na nilikuwa nimefikia hatua ya kujisikia nafuu.

Bithika alinisikiliza. Kisha akainuka, akatoa karatasi chini ya godoro, akaiweka mbele yangu. Ilikuwa nakala. Yenyewe alikuwa ameipeleka posta jana yake.

Kamati ilimwandikia wiki ile. Akikiri kwa maandishi kwamba aliiba kazi ya Tanzil Haque, adhabu itapunguzwa: atarudi muhula ujao, aanzie mwaka wa pili. Asipokiri, miaka miwili, na baada ya hapo atazidi umri wa kupokelewa, yaani amedisko, ameondolewa chuoni moja kwa moja.

Nikausoma mwandiko wake. Mimi, Bithika Barman, binti wa Nitai Barman, nakiri kwa hiari yangu kwamba mti ule sikuuandika.

"Nilikusubiri siku kumi na tisa," alisema. "Kila siku nilifungua ghala nione kama umeandika kitu."

"Bado nafasi ipo. Nitasema."

"Useme nini? Ukisema sikuiba, basi hii karatasi ni ya uongo, na nimeisaini. Uongo kwa kamati ni kufukuzwa, hakuna kurudi. Kisha wataniuliza ulipataje mti wangu. Nikupe jibu gani, Jhumur? Kwamba nilikupa kwa mkono wangu? Hilo nalo lina kifungu chake." Hakupandisha sauti. "Jana asubuhi ungeniokoa. Leo ukiniokoa unanimaliza."

Nikamwambia hawezi kurudi mwaka wa pili akakaa na watoto, akafundishwa upya mti alioubuni mwenyewe, kila mtu akimwita mwizi.

"Naweza," alisema. "Wewe usichoweza ndicho sasa inabidi ukiweze. Kaa kimya. Si umeshazoea?"

Nje cherehani ilisimama. Mama yake alikuwa anauliza kama tutakula mchuzi wa samaki au dengu.

Simu yangu ikaita. Namba ya Dhaka, nisiyoijua. Niliiacha ikakata, ikaita tena. Bithika aliichukua mkononi mwangu, akabonyeza, akailaza mezani, sauti ikiwa wazi.

"Israt Zerin?" Ilikuwa sauti ya Profesa Dilruba. Nilisikia miwani yake ya kamba ikigongagonga simu. "Anwani ya ghala niliinakili palepale ukutani, na historia ya mradi wako nimeisoma yote, kabla Mwalimu wako hajaiondoa. Niko hapa na mkuu wa chuo chenu, anakusikia. Swali langu ni moja, na sitaki hadithi. Yule Bithika Barman, mti ule aliuandika yeye au hakuuandika?"

Bithika alikuwa ameweka kiganja juu ya ile karatasi. Alinitazama machoni, akatikisa kichwa: hapana.

"Israt," sauti ikasema, "nakuuliza mara ya mwisho."

Nikafungua mdomo.